Upande wa Kulia wa Nyumba ya Rwegoshora

Kayanga,
11 Februari 2024

Mwanangu Egbert,

Salamu zangu zikufikie huko Dodoma, wewe na Vero na mtoto. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mguu wangu wa kushoto bado unavimba jioni, ila usimwambie Vero, ataanza kunitumia vidonge. Upepo umetuangushia migomba kumi na moja, mingine ilikuwa na mikungu michanga, nimelia kama nimefiwa. Nyirabageni alishikwa na homa wiki mbili, sasa anakaa juani kidogo, anakusalimu. Na wewe unakula kweli? Kwenye ile picha ya Krismasi niliona shingo, sikuona mashavu.

Utashangaa naandika na simu ipo. Kwenye simu nikianza neno la maana unasema, "Mama, mtandao." Mtandao huo siku ya kuulizana harusi za watu haukatiki. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho. Nimempa kondakta wa basi, atakupigia uifuate stendi. Mwandiko ni wa darasa la nne, nivumilie.

Sasa neno lenyewe. Jumanne nilikuwa naanika maharage, wakaja vijana wawili na kamba ya kupimia, wakapima nyumba kuanzia barabarani mpaka uani. Baba yako mdogo Ndyamukama alikuwa nao, mikono nyuma kama bwana shamba. Nikamuuliza, "Shemeji, mnapima jeneza la nani?" Akacheka. Akasema, "Mama Egbert, usihangaike, Egbert anajua." Wakaenda hadi ile stoo anayolala Nyirabageni, wakapitisha kamba mlangoni kwake bila hodi, kama humo mna magunia. Alikuwamo, na homa yake.

Egbert anajua nini? Nijibu upesi, silali vizuri.

Mimi mama yako,
Mackrine

*

Dodoma,
3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua yako ikiwa imekunjwa mara nane, kondakta alikuwa ameiweka kwenye soksi za akiba. Sisi hatujambo. Vero anakusalimu, mtoto ameota meno mawili ya chini na anauma kila kitu. Shule imenipa madarasa matatu ya hesabu mwaka huu, narudi nyumbani nimechoka, lakini ninakula Mama, shingo ndiyo nilivyozaliwa nayo.

Kuhusu nyumba, nilitaka kukueleza nikija likizo. Nyumba ile imechoka. Bati limetoboka, ukuta wa nyuma una ufa unaoingiza kidole, na iko mahali pazuri kuliko zote pale barabarani. Baba mdogo amepata mwenzake wa kushirikiana naye, wanataka tujenge gesti ya ghorofa moja. Mimi ni mrithi wa Baba, jina langu litakuwamo. Nina miaka thelathini na minane, Mama, na sijasimamisha hata choo. Nikija misibani wazee wa ukoo wananiuliza, "Mwalimu, umejenga wapi?" nami naangalia viatu.

Wewe utakuja kukaa nasi hapa. Chumba kipo. Yule mama wa stoo Baba mdogo amesema atamtafutia pa kukaa huko Ihembe kwa watu wanaohitaji msaada wa shamba. Kwa hiyo hakuna atakayeumia. Hakuna kitu kilichokamilika bado, usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Egbert

*

Kayanga,
20 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto mpeni mfupa wa kuku usio na ncha, autafune, fizi zitapoa. Mvua imeanza vizuri, nimepanda maharage nyuma ya jiko. Paroko amebadilishwa, huyu mpya anahubiri mpaka viazi vinaungua nyumbani.

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nilisoma kwa sauti, Nyirabageni akiwa anamenya ndizi pembeni yangu, nikafika pale pa "yule mama wa stoo", nikakohoa, nikaruka. Mimi na umri huu kukohoa kwa uongo kwa sababu yako.

Unasema nyumba imechoka. Na mimi nimechoka, utanibomoa?

Egbert, wewe unafundisha watoto wa watu hesabu lakini nyumba uliyozaliwa huijui imetoka wapi. Kosa si lako. Ngoja nikuambie kama alivyoniambia bibi yako Kokugonza, aliyeyaona kwa macho yake.

Babu yako Rwegoshora alikuwa ananunua kahawa Kanoni na Ihembe, anabeba kwa baiskeli. Mwaka wa uhuru akapewa kiwanja hapa barabarani, na akakiapia kwamba atajenga nyumba ya tofali za kuchoma. Enzi hizo watu wetu walijenga kwa miti na udongo na nyasi juu, tofali walikuwa nazo wamisionari. Yeye tofali hakuzijua. Alichoma tanuri la kwanza zikatoka vumbi, watu wakamcheka mpaka kilabuni, wakawa wanaagiza pombe "yenye rangi ya tofali za Rwegoshora".

Kulikuwa na mtu ametoka Rwanda, anaitwa Sibomana, kibarua wa kuchuma kahawa huko Kanoni. Mkewe alifia uzazini, akamwachia kitoto cha kike. Ndiye huyu Nyirabageni. Sibomana alikuwa amejifunza tofali na jiwe kwa wamisionari wa kwao. Babu yako akamfuata. Sibomana akasema, "Mshahara sitaki. Nina mtoto na sina ukoo hapa. Nikijenga, nijenge kwangu."

Basi wakanywana. Walifanya omukago, udugu wa damu. Walichukua tunda moja la buni, lile lenye punje mbili ndani. Kila mmoja akachanjwa hapa karibu na kitovu, punje hii ikapakwa damu ya huyu, ile ikapakwa ya yule, wakabadilishana, wakameza. Bibi yako ndiye aliyeshika ungo wenye buni. Watu wakasema Rwegoshora amepata wazimu, amemeza damu ya kibarua. Yeye akajibu, "Tofali zenu ziko wapi?"

Sibomana alijenga miezi kumi na minane. Ndiyo maana ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, na bati moja juu. Kushoto Rwegoshora. Kulia Sibomana. Alipokufa akazikwa hapa kibanjani, kwenye migomba yetu. Lile kaburi lisilo na saruji mlilokuwa mkilirukaruka mkicheza, baba yako akawaambia ni la kibarua, nami nikanyamaza, ndilo lake. Huyo ni babu yako mwingine, Egbert. Na Nyirabageni ni shangazi yako.

Ulipokuwa mdogo alikuwa ameshahamia uani. Hayo tuyaache.

Kwa hiyo sibomoi. Sihami. Dodoma ni jua tupu, sitakuja kukauka kama dagaa. Na shangazi yako haendi Ihembe kulimia watu na miaka yake sitini na sita. Mwambie Ndyamukama, au nitamwambia mwenyewe.

Mama yako

*

Dodoma,
28 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na mitihani, na mtoto aliharisha. Sasa ni mzima.

Nimefikiri sana. Sikatai kwamba Babu alikuwa na rafiki. Lakini leo hii mtu hawezi kwenda ofisi ya kata akasema wazee walimeza buni. Watamuuliza karatasi. Karatasi iko wapi? Nimemuuliza Baba mdogo, amesema hizo ni hadithi za wanawake wa jikoni, kwamba Sibomana alilipwa kila senti, na huyo mama aliachwa akae kwa huruma.

Halafu kuna jambo halikai sawa, Mama, na wewe umelipita mbio. Kama upande wa kulia ni wake, kwa nini tangu nipate akili namwona akitoka stoo? Nani alimtoa? Kwa nini hakulalamika? Kwa nini wewe hukusema chochote miaka yote hii mpaka leo gesti inapotaka kujengwa? Huko kwenye vyumba vya upande huo ndiko mlikokuwa mnalala wewe na Baba.

Mambo yameshaanza kwenda. Si rahisi kuyarudisha nyuma. Naomba uelewe.

Egbert

*

Kayanga,
13 Mei 2024

Egbert,

Sote wazima. Mbuzi amezaa.

"Mambo yameshaanza kwenda." Nimeyaona yalikofika. Jumamosi mwenyekiti wa kitongoji alituita barazani kwake, mimi na Ndyamukama na majirani wa pande zote. Ndyamukama akatoa karatasi kwenye bahasha, muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho sikukisikia kikiitwa. Mwenyekiti akasoma. Nyumba ni mali ya Rwegoshora peke yake. Mwingine mwenye haki, hakuna. Mwanamke aitwaye Nyirabageni ni mtunza nyumba. Na chini, sahihi ya mrithi, ile E yako yenye mkia ambayo nilikuwa nikiisifia kwenye daftari zako.

Sikulia. Nataka ujue hilo, sikulia mbele yao.

Mwenyekiti akauliza, "Na mjane je?" Ndyamukama akasema, "Mjane ni mtu wa kutoka nje, nyumba ni ya ukoo." Mwenyekiti akasema, "Mzee, mjane yumo humo miaka arobaini. Bila sahihi yake sigongi muhuri, mnataka nifungwe?" Basi shemeji yangu akageuka asali. Akanisogezea kalamu.

"Mama Egbert, andika jina tukanywe chai."

Nikamwambia, "Jina langu najua kuliandika, na kutoliandika pia najua."

Watu wakacheka. Akakasirika. Akasema, "Mnamtetea mtu asiye na kwao. Nikisema neno moja tu mahali, watakuja kumuuliza babu yake alizaliwa wapi, tuone atajibu nini."

Nyirabageni alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu nami. Nilihisi mkono wake umeshika kanga yangu kwa chini. Egbert, mwanamke yule amezaliwa Kanoni, amebatizwa hapa, amepiga kura hapa kila mara, na bado alinishika kanga kama mtoto. Hapo ndipo kitu kikanipanda.

Nikasimama. Nikasema, "Sema hilo neno, Ndyamukama. Sema sasa hivi tupo. Na mimi nitawaambia nani alikubeba mgongoni mwezi mzima ulipokuwa na surua na mama yako hawezi kuinuka. Mgongo uliokuwa ukiukojolea ule pale, umekaa kwenye mkeka."

Baraza lote likaangua kicheko. Kuna mzee alicheka mpaka akaomba maji. Ndyamukama akasema, "Mimi nilikuwa mtoto!" Nikamjibu, "Na yeye alikuwa mtoto. Ila wewe ulibebwa."

Mwenyekiti akatuliza watu. Akaniambia kwa upole, "Mama, haya ya omukago tumeyasikia, hata baba yangu alikuwa nao. Lakini nahitaji ushahidi kwamba huyu mama alikaa upande wa kulia. Baba zenu wote wamekufa. Nani aliona?"

Hapo ndipo swali lako likanikuta, Egbert. Ulilouliza kwenye barua na nilikuwa nimeapa sitalijibu. Nani alimtoa.

Nikasema, "Ushahidi ni mimi. Mimi ndiye niliyemhamisha. Mtu hahamishwi mahali ambapo hayupo."

Nikawaambia yote, sasa nakuambia wewe. Babu yako alikufa mwaka tisini na moja. Mimi nilikuwa na watoto wawili na tumbo la tatu, tunabanana kushoto na wakwe. Nyirabageni upande wa kulia peke yake, hakuolewa. Chumba chake cha mbele kilikuwa na dirisha linaloona barabara, na mimi nilikitaka. Baba yako hakuanza yeye. Mimi nilianza. Nilimsemea kila usiku mpaka akakubali, "Yule ana vyumba vitatu vya nini, kwani yeye ni nani hapa?" Maneno hayohayo ya Ndyamukama, yalitoka mdomoni mwangu kwanza. Arobaini ya mzee ilipoisha baba yako akamwambia ahamie stoo, na mimi nikabeba godoro lake kwa mikono yangu. Unauliza kwa nini hakulalamika. Aliniambia, "Wifi, usibebe kizito, una mtoto tumboni," akanipokea godoro, akalibeba mwenyewe.

Yeye ameniita wifi tangu siku niliyoolewa. Mimi nimemwita Nyirabageni.

Miaka thelathini na mitatu nimelala kwenye chumba kile. Kila Jumapili napokea komunyo. Sasa unaniuliza kwa nini nimesema leo. Nimesema leo kwa sababu nilipoiona sahihi yako niliona ni mimi niliyekufundisha.

Mwenyekiti hakugonga muhuri. Amesema turudi tarehe 29 Juni na karatasi mpya, wahusika wote wawepo. Ndyamukama ameondoka bila kuniaga. Aende. Njia ya kurudi anaijua.

Mama yako

*

Dodoma,
2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo.

Barua yako ilikaa kwa kondakta wiki mbili, alikuwa mgonjwa. Kabla haijafika Baba mdogo alikuwa amenipigia mara tisa. Anasema umeuaibisha ukoo mbele ya majirani na kwamba nikupeleke hospitali upimwe akili.

Vero aliisoma barua kabla yangu. Amenihamishia sahani yangu upande wa pili wa meza.

Najua utanitetea. Utasema Baba mdogo alinitumia karatasi kwenye simu, nilikuwa kazini, nilitia sahihi bila kusoma. Usiseme hivyo, Mama. Nilisoma. Pale pa "mtunza nyumba" nilisimama nikakumbuka jinsi alivyokuwa akinifungia ndizi za kuchoma kwenye jani nikienda shule. Halafu nikatia sahihi.

Sijui niandike nini zaidi. Niambie unataka nifanye nini.

Egbert

*

Kayanga,
16 Juni 2024

Mwanangu Egbert,

Marahaba, marahaba tena. Mwambie Vero sahani airudishe, mtu akishasema ukweli alishwe. Mguu wangu mzima. Kahawa imeiva pamoja mwaka huu, tunachuma mpaka kucha zimekuwa nyeusi. Mwambie na Ndyamukama, akikupigia mara ya kumi, kwamba akili yangu nimeipima mwenyewe na imezidi.

Sikutetei. Ulisoma ukatia sahihi. Mimi nilijua nikabeba godoro. Tumelingana, basi, tusikae tukitazamana.

Hiki ndicho nilichofanya, na sikumwomba mtu ruhusa. Jumatatu baada ya misa nimetoa vitu vyangu chumba cha mbele. Kitanda, sanduku, picha ya baba yako, vyote. Nyirabageni alikataa. Alishika mlango wa stoo kwa mikono miwili, akasema amezoea, akasema panya wa humo anawajua kwa majina. Tukavutana pale uani, wazee wawili, kuku wanakimbia. Nikamwambia, "Dada, wewe uliwahi kunipokea mzigo. Sasa niachie." Tangu anijue sijawahi kumwita hivyo. Akaachia mlango. Amehamia. Usiku wa kwanza hakulala, nilimsikia anatembea chumba hadi chumba, vyote vitatu, anafungua na kufunga.

Stoo si mbaya sana. Inavuja kwenye pembe. Nimeweka ndoo. Kushoto kuna nafasi, najua utasema hivyo, lakini nimetaka nilale hapa mwaka mmoja nijue palivyo. Usinibishie, mimi ndiye mama.

Ndyamukama alipita akaona, akasimama barabarani akapiga kelele, "Mama Egbert, umemgawia mgeni nyumba ya kaka yangu!" Nikamjibu kutoka kwenye migomba, "Sijamgawia, nimemrudishia, na wewe ukitaka kuingia upande huo kabishe hodi!" Majirani walifurahi, hawahitaji redio siku hizi.

Karatasi mpya imeandikwa. Mwenyekiti ameiandika mwenyewe kwa mkono. Inasema nyumba ilijengwa na watu wawili, Rwegoshora na Sibomana, ndugu wa omukago. Kushoto ni kwa watoto wa huyu, kulia ni kwa watoto wa yule, na bati ni la wote. Wala hakuna atakayebomoa bila mwenzake. Na kaburi limetajwa, kwa jina lake. Nyirabageni ameweka dole gumba. Mimi nimeandika Mackrine, herufi zote, nimechukua muda.

Umebaki mstari wa mrithi. Ndyamukama amesema hautajazwa, kwamba wewe ni mtoto wa ukoo. Mwenyekiti yeye akasema anaweza kukutumia kwenye simu utie sahihi hukohuko, mambo yaishe. Nimekataa. Ile ya kwanza uliitia ukiwa mbali, humwoni usoni. Hii utapanda basi, utatembea kutoka stendi watu wakikuona, na utaitia sebuleni kwake tarehe 29, yeye akiwa ameketi mbele yako. Ukiamua kutotia, njoo vilevile, umwambie kwa mdomo wako.

Anasema atapika. Nimemwambia sitamsaidia hata kumenya, kule kwake mimi ni mgeni, nitaletewa. Amecheka.

"Shikamoo, shangazi." Jifunze kulisema ukiwa njiani, basi ni refu.

Mama yako,
Mackrine